Macho Kwenye Samli

Virginie alikuwa fundi cherehani pale Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Wateja walilijua hilo, na nusu yao ndilo walilolifuata. Walikuja kupimwa kiuno, wakabaki kumsikiliza akiwachambua watu: mchungaji anayeomba kwa Kifaransa kwa sababu anadhani Mungu ni mzungu, jirani aliyenunua gari asilokuwa na pa kuliegesha, binti wa fulani aliyerudi kutoka Kinshasa akijifanya amesahau kula bukari, ugali wa nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hawezi kuuona upumbavu akaupita bila kuupiga teke.

Upumbavu aliopenda kuupiga zaidi ulikuwa wa mumewe.

Anaclet Kalenga alikuwa mzaliwa wa Mitwaba, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyepanda vyeo mpaka akawa préfet, yaani mkuu, wa shule ya sekondari. Tangu astaafu hakuacha kuvaa tai. Kila Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani kwa sauti nzito inayofika mpaka nyuma, kwa akina mama waliochelewa, na akishamaliza alishuka altareni polepole kama mtu aliyeandika Biblia mwenyewe.

Kisha macho yakaanza kumfanyia ukungu. Mwanzoni alilaumu taa. Halafu akalaumu wachapishaji wa vitabu. Siku moja aliingia kwenye chumba cha kushonea, akavua kofia mbele ya sanamu ya mbao ambayo Virginie huitundikia magauni, akasema, "Bonjour, Madame, uko muzuri?" Sanamu haikujibu. Virginie alikuwa amekaa nyuma ya cherehani na pini mdomoni, na kicheko kilimtoka pamoja na pini. Kabla jua halijazama, Naviundu yote ilijua kwamba préfet anatongoza mbao.

Daktari wa hospitali alikuwa ameshamwambia: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa, kazi ndogo. Anaclet alimshukuru kwa adabu. Alipofika nyumbani alisema hakuna mtu atakayemwingizia kisu jichoni huku yeye akiwa macho, akitazama kisu kinakuja.

"Kama hauone, utakionaje?" akauliza Virginie.

Anaclet akabuni njia yake. Kila Jumamosi alimwomba mkewe amsomee somo la kesho, akalikariri neno kwa neno, na Jumapili akasimama mbele ya kitabu kikubwa akikitazama na hata kufungua kurasa. Watu hawakujua. Virginie alijua, na kila alipomsomea alisoma kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, akikokota silabi, ili mradi amwudhi.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Padri alibadilisha masomo asubuhi ileile. Anaclet alipanda altareni na tai nyekundu, akainamisha uso juu ya kitabu, akaanza kutoa aliyokuwa ameyakariri, maneno ya nabii yanayotisha: miji itakuwa magofu, mashamba yatakauka, vicheko vitageuka vilio. Kanisa lilikuwa limepambwa maua. Wanakwaya walikuwa na kitenge kipya, kazi ya mikono ya Virginie mwenyewe. Padri alibaki mdomo wazi. Watu wenye vitabu vya misa wakaanza kupekua, wakatazamana, na kwenye viti vya vijana kukatokea mkoromo wa watu wanaozuia kicheko. Anaclet akamaliza: "Neno la Bwana." Waliitikia wachache, na wengine kati yao walikuwa wanafuta machozi.

Virginie hakungoja wafike nyumbani. Njiani, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida, alisema, "Papa Gracia, bantu wamekuya kwa fête, na wewe unatuletea laana! Nabii mwenyewe angekuwa pale, angekimbia." Akacheka mpaka akashika ukuta wa watu. Anaclet alitembea mbele, akagonga jiwe, akaendelea kutembea.

Wiki hiyohiyo akampata Floribert.

Huyu Floribert alikuwa akiuza vipuri vya simu. Kisha mjomba wake, mtu mwenye uwezo, akaugua figo na kupelekwa India, na Floribert akaenda kumsindikiza na kumbebea mkoba. Mjomba alipona. Mpwa alirudi na koti jeupe, shanga shingoni, karatasi yenye muhuri mkubwa iliyowekwa kwenye fremu, na neno moja: Ayurveda, uganga wa jadi wa Wahindi. Akapanga nyumba mtaa wa Makomeno, akaandika ukutani "Centre Netra Lumière", akaeleza kila aliyeuliza kwamba Netra ni jicho kwa lugha ambayo Mungu aliwafundishia Wahindi dawa. Alisema lunettes, yaani miwani, ni magongo, na upasuaji ni biashara ya wazungu. Watu wakaja. Watu huja.

Virginie alikwenda na mumewe mara ya kwanza, akiwa amejiandaa kama anayekwenda kutazama mchezo. Floribert alimkalisha Anaclet kwenye mkeka, akamshika mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, akamwambia atoe ulimi.

"Papa Préfet," akasema kwa upole, "iko pitta. Moto mingi mu mwili. Inapanda mpaka ku macho."

"Moto?" Virginie akaingilia. "Huyu? Mimi bibi yake, ule moto sijauona miaka mingi. Kama umeupata, unirudishie."

Mgonjwa mmoja aliyekuwa akingoja zamu alicheka. Anaclet hakucheka. Ulimi wake ulikuwa bado nje, akaurudisha ndani taratibu.

Floribert hakukasirika, aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kuteswa kwa ajili ya ukweli. Akaeleza matibabu. Asubuhi, kunawa macho kwa maji ya unga wa matunda matatu ya India. Jioni, kukazia macho mwali wa mshumaa bila kupepesa mpaka machozi yatoke, maana machozi hubeba uchafu. Na pale kwenye kituo, ile dawa kubwa: kuogesha macho katika samli.

Akamlaza chali. Akakanda unga, akausokota, akauzungushia kila jicho ukuta mdogo kama anayejenga kisima. Kisha akachukua bakuli lenye mafuta ya uvuguvugu, akayamimina mpaka yakafunika kope. "Ufungue macho, Papa. Ufunge. Ufungue. Unaona mwanga?"

"Ninaona mwanga," Anaclet akasema kwa tumaini.

Virginie alinusa. Alikuwa amepika miaka yote ya ndoa yake, na pua yake haikuhitaji cheti. "Hii haina samli. Iko margarine ya kupaka mukate."

"Ni siagi ya ng'ombe, Mama. Ng'ombe ya Mitwaba, wanakula majani safi."

"Mitwaba?" Virginie akamgeukia mumewe, aliyekuwa amelala na visima viwili usoni. "Papa Gracia, wewe muntu wa kule. Hata siku moja haukuniambiaka habari ya ng'ombe. Mulikuwa munakula samaki na mbuzi. Hii ng'ombe imetoka wapi?"

Anaclet alijua. Virginie aliona kwamba anajua, kwa jinsi mdomo wake ulivyokaza. Lakini alisema tu, "Mambo inabadilika. Uache munganga atumike kazi yake."

Hapo ndipo dharau ya Virginie ilipopata kiti na kukaa. Mjinga kumdanganya mjinga ni jambo la kila siku. Lakini huyu alikuwa mtu aliyefukuza wanafunzi kwa kunakili mtihani, mtu aliyesahihisha Kifaransa cha padri, na sasa amelala mkekani, anajua anadanganywa, na anasema asante.

Nyumbani akampa jina: Papa Margarine. Mbele ya wateja alijilaza juu ya meza ya kukatia nguo, akajifunika macho kwa viganja, akasema kwa sauti nzito ya kanisani, "Ninaona mwanga!" Wanawake walipiga makofi. Mara moja walipokuwa wakicheka hivyo, pazia la mlangoni lilitikisika. Anaclet alikuwa amesimama upande wa pili, akiwa ameshika mshumaa wake ambao haujawashwa. Akageuka, akarudi chumbani. Tangu siku ile alikwenda Makomeno bila mkewe, akiongozwa na jirani yao Faustin, na akirudi hakusimulia kitu.

Virginie hakuchoka. Alipokwenda mjini kutafuta bitana, aliingia dukani kwa Bibi Kokila, Mhindi aliyezaliwa Lubumbashi na kuzeekea humo, ambaye husema Kiswahili cha mji huu kuliko wengi wenye mji. Akamsimulia yote, akitarajia wacheke pamoja. Kokila hakucheka. Aliweka mkasi chini.

"Ni nani alimufundisha?"

"Alisindikiza mujomba wake ku hopitali."

"Mimi nilisindikiza bwana yangu ku Roma," Kokila akasema. "Siku hizi ninaweza kusomesha misa?" Akavuta jora, akaanza kupima, na maneno yake yalitoka kwa ubaridi wa mtu aliyetukaniwa nyumba. "Mama yangu alikuwaka anakula tunda moja chachu ya India kila asubuhi, analala mapema, ananawa macho na maji ya matunda aliyochuja vizuri. Ilikuwa desturi yake, na macho yake haikuwa inamuwasha, njo vile alisemaka. Wenye kufanya ile kazi kwa kweli banaisoma miaka na miaka, na ile ya mafuta banaifanya kwa usafi, si ku mkeka. Na cataracte, huyu mtoto wa jicho, ilipomufika mama, unajua alifanya nini? Alikwenda kwa munganga wa kupasua. Ni munganga wake mwenyewe wa majani njo alimutuma. Hakuna tunda inatoa cataracte, Mama Gracia. Mupeleke bwana yako."

Hayo yalikuwa maneno ya kumwokoa mtu. Virginie angeweza kuyafikisha mezani jioni, kwa sauti ya chini, mtu na mumewe. Badala yake aliyabeba kama jiwe. Aliyatupa kesho yake mbele ya wateja, Anaclet akipita uani: "Hata Bahindi wenyewe banamucheka Floribert! Bakisikia kuko préfet mwenye kulala mu margarine, batakuya kupiga picha!"

Anaclet hakusimama.

Baada ya hapo alianza kuvaa miwani nyeusi. Alivaa mezani, alivaa kanisani, alivaa hata wakati wa kwenda msalani. Virginie akamwita Excellence. Akamuuliza kama ameteuliwa waziri na kama walinzi wake wanakula nyumbani au wanaletewa. Alipoona anajishika kichwa, alimwambia ni uzito wa cheo. Alipoona halali vizuri, alidhani ananuna, naye akamgeuzia mgongo.

Asubuhi moja alikuja kutandika kitanda, akakuta mto una madoa ya njano yaliyokauka. Akayagusa. Akayanusa. Akaenda uani ambako Anaclet alikuwa amekaa, na kabla hajamzuia, akamvua miwani.

Jicho la kulia lilikuwa limevimba kama nyanya iliyooza. Katikati, pale palipokuwa na weusi, kulikuwa na weupe mchafu, na usaha ulikuwa umegandisha kope. Virginie alikuwa na neno tayari mdomoni, kama siku zote. Akaliacha, akamletea viatu.

"Vaa viatu," akasema.

Hospitalini walipokewa na Daktari Mapalo, mwanamke kijana mwenye sauti kavu, ambaye aliwasha taa yake ndogo, akainama, na akakaa vile muda mrefu kuliko Virginie alivyopenda.

"Papa, uliweka nini humu?"

"Mafuta. Ya India."

"Ya India," daktari akarudia, akamtazama Virginie kwa jicho ambalo Virginie alilitambua mara moja, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe. Ndivyo yeye anavyowatazama watu. Alilijua kutoka ndani. Hakuwa amewahi kulipokea. "Inauma tangu lini?"

"Siku mingi."

"Na ulikuwa unangoja nini? Muko Lubumbashi. Haumuko mu pori."

Anaclet akageuza uso upande aliodhani mkewe hayupo. Alikosea, aligeukia palepale alipo.

"Nilikuwa ninangoja ipone kimya-kimya, Docteur. Kwangu, ukisema jicho inauma, kesho mutaa yote inacheka. Nikaona ni afazali iume."

Daktari akaandika alichoandika. Virginie alikaza macho kwenye sakafu. Alitafuta mtu wa kumdharau. Floribert alikuwepo, tayari, na alimtosha kwa sehemu kubwa. Kilichobaki cha dharau hiyo hakikumpata Floribert. Kilizunguka kikarudi kwa mwenyewe, naye hakujua kukipokea, kwa hiyo akamwambia muuguzi kwamba hiki kiti kimevunjika mguu na ni aibu kwa hospitali.

Jicho la kulia halikuokoka. Lilipotulia donda lake, na baada ya kumchunguza sana, walimpasua la kushoto, lile ambalo samli, kwa bahati, haikuliozesha. Alikubali bila ubishi. Kazi ilikuwa ndogo kama walivyomwambia tangu mwanzo. Bandeji ilipotolewa alitazama ukuta, dirisha, mkono wake, kisha mkewe.

"Mama Gracia," akasema, "hii rangi ya nywele, ni nani alikudanganya?"

Virginie alilia. Alidai ni harufu ya dawa.

Mtu angedhani mambo yaliishia pale. Lakini Jumapili aliyorudi kanisani, padri alimwita mbele amshukuru Mungu, na Anaclet, katika tai yake, kwa sauti inayofika nyuma, alimshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, kisha akaongeza, "na Docteur Floribert wa Makomeno, aliyetayarisha jicho."

Virginie alishika benchi kwa mikono miwili. Alingoja mpaka wako nyumbani na mlango umefungwa, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kungoja.

"Alitayarisha nini? Kaburi?"

"Ungetaka niseme nini?" Anaclet akasema. "Kwamba mimi, Kalenga, nilijua ile mafuta haina samli, na nikalala? Heri bantu bafikiri nilisaidiwa. Nimepoteza jicho. Niachie ile sura inabaki."

Alisema bila hasira, na Virginie, aliyekuwa na majibu kwa kila mtu mjini, alikwenda kuwasha jiko.

Siku chache baadaye mteja mmoja, Falonne, alimletea habari huku akijaribu gauni: kule Makomeno, ukutani, kuna picha kubwa ya préfet akiwa na miwani nyeusi, na chini yake pameandikwa kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona, kwa Ayurveda. Wagonjwa wameongezeka, wanalazwa mpaka barazani. Virginie alimwacha Falonne na pini mwilini, akatoka. Anaclet, aliyesikia kila neno kutoka uani, akachukua kofia.

Virginie alitangulia kuingia. Walikuwa wamelazwa kwa safu, wazee kwa vijana, kila mmoja na visima vyake viwili vya unga vilivyojaa mafuta, kama sahani zilizopangwa harusini zikingoja wageni. Picha ilikuwa pale, juu yao.

"Utoe ile picha," akamwambia Floribert.

"Mama, ni ushuhuda. Aliusema mwenyewe mu kanisa."

"Mulamuke!" Virginie akawapigia kelele waliolala. "Hii ni margarine! Imeozesha jicho ya bwana yangu!"

Hakuna aliyetikisika. Mwanamume mmoja, mdomo wazi, alisema bila kugeuza shingo, "Mama, uachie bantu amani. Mafuta inamwangika." Na mwingine akasema, "Iko mama-couturière, mushonaji wa Naviundu. Ule anachekaka kila muntu."

Floribert akamsogelea, na kwa mara ya kwanza uso wake ulivua upole, akawa muuza vipuri. "Umesikia? Banakujua. Unajua juu ya nini bantu banakuya kwangu, Mama? Hapa hakuna wa kubacheka. Bwana yako alilala pale miezi, na kila siku alinishukuru. Wewe, alikushukuru lini?"

Kila alichotaka Virginie kusema kilikuwa tusi, na kila tusi lingempa Floribert haki.

Hapo Anaclet akaingia. Alisimama katikati ya safu, akavua miwani, akaigeuza nusu ile ya uso wake iliyokufa kuelekea wagonjwa. Kisha akatambua kwamba hawawezi kumwona. Macho yao yamefunikwa. Virginie alimwona akisita. Alimwona akitazama picha yake ukutani. Na akasikia anavuta pumzi kama anavyovuta kabla ya kusoma.

"Ninaitwa Anaclet Kalenga. Ni mimi ule wa ku picha. Jicho yangu ya kuume imekufa, na ilifia hapa, ku huu mkeka. Ya kushoto inaona juu munganga wa hopitali alipasua. Huyu hakutayarisha kintu. Nilisema bongo, neno ya uongo, mu kanisa, juu niliona haya. Mafuta si samli. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niko muntu wa Mitwaba, nilijua. Kama munataka kunicheka, mucheke."

Mafuta yalisikika yakidondoka mahali fulani. Kisha mwanamke mmoja mnene, karibu na mlango, akaketi ghafla. Kuta za unga zikabomoka, na mafuta yakamtiririka mashavuni mpaka kwenye blauzi. "Papa," akasema huku akipapasa, "ule munganga wa hopitali, eko upande gani?"

Alikuwa peke yake. Wengine walibaki chali, mikono tumboni, na yule wa mdomo wazi akamwuliza Floribert kama muda umeisha au wanaanza upya. Floribert aliongeza mafuta.

Walimtoa yule mwanamke nje, Virginie akamwosha uso bombani kwa sabuni ya jirani, akimwambia ainamishe kichwa, asifikiche. Walipomwonyesha njia na kubaki wawili barabarani, Virginie alikuwa amejaa mpaka kooni. Alikuwa na maneno juu ya wale waliobaki, juu ya shanga, juu ya mkeka, maneno ya wiki nzima ya wateja. Akamtazama mumewe ubavuni, akayazuia, na kuyazuia kulimuuma mbavu.

Ni Anaclet aliyeanza.

"Ule wa mdomo wazi," akasema kwa sauti yake ya kanisani, akitazama mbele. "Umeona? Mafuta ilikuwa inashuka mpaka mu meno."

"Nimeona."

"Alikuwa anameza."

Virginie alijaribu kujizuia mara ya pili, akashindwa. Kicheko kilimpiga akiwa katikati ya barabara, na mumewe akaungana naye, tai ikimruka kifuani, mpaka mwenye pikipiki akawapigia honi wampishe. Hawakumpisha. Akawazunguka akiwatukana kwa Kifaransa, na Anaclet, jicho lake moja likitiririka machozi, akamsahihisha Kifaransa chake.